Ashtanga, Iyengar au power yoga: ipi uchukue kama unatafuta nguvu za misuli

Ukimwambia mtu unataka misuli na unafanya yoga, wengi watakuambia acha kujinyoosha, nenda jimu kabebe vyuma. Mie siwalaumu, maana picha za yoga tunazoziona ni za mtu kafumba macho au kajikunja mguu uko nyuma ya kichwa. Ila misuli inakua ikipewa kazi nzito kuliko ile iliyoizoea, kisha ikala na kupumzika, na huo uzito unaweza kuwa chuma au mwili wako mwenyewe. Pushapu moja ya kawaida mikono inabeba kama theluthi mbili ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 60 anabeba karibu kilo 40 kila akishuka, na yoga imejaa mikao ya namna hiyo. Shida inakuja kwenye kuchagua, kwa sababu darasa moja la yoga linakuacha mapaja yanatetemeka kwenye ngazi na lingine unatoka umeshiba usingizi, na yote mawili kwenye tangazo yameandikwa yoga.

Nimechukua tatu ambazo kwa upande wa nguvu ndo zinazoongelewa sana: Ashtanga, Iyengar, na power yoga ambayo sehemu nyingine utaikuta inaitwa vinyasa. Zile za taratibu za kupumzika nimeziacha pembeni, ni nzuri lakini kazi yake sio hii.

Hizi tatu ni ukoo mmoja. Miaka ya 1930 mfalme wa Mysore huko India alimpa mwalimu T. Krishnamacharya ukumbi kwenye jumba lake afundishe yoga, na ilikuwa enzi ambayo India nzima ilikuwa na hamasa ya mazoezi ya mwili, mpaka Raja wa Aundh, mtawala wa dola ndogo hukohuko India, alikuwa anahimiza surya namaskara (mikao ya kusalimia jua inayofuatana) zifanywe na watu wote kama mazoezi ya afya. Kutoka kwenye mikono ya Krishnamacharya wakatoka K. Pattabhi Jois wa Ashtanga na B.K.S. Iyengar, na power yoga ikaja kuchipuka Marekani kutoka kwenye Ashtanga. Kwa hiyo anayekuambia yoga ya kutafuta nguvu ni mambo ya juzi ya Instagram hajui ilikotoka.

Tunapima nini

Zote nimezipima kwa vitu vilevile: inajenga nguvu kwa njia gani, moyo na pumzi vinapata nini, inaumiza wapi, inataka nini (vifaa, hela, mwalimu), na mazingira ya darasa yakoje, hapo naingiza habari ya maombi na ya kuguswa na mwalimu. Hilo la mwisho watu wengi wa kwetu, Waislamu na Wakristo, linawasumbua kuliko hata maumivu ya misuli na mara nyingi hawapati wa kuwajibu. Uzuri wa picha sijaupima. Mtu kusimama kwa mikono ufukweni inapendeza sana ila haikuambii kama wewe utaweza kupandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tatu bila kuumwa kiuno.

Ashtanga

Mpangilio ni uleule kila siku. Unaanza na surya namaskara A mara 5, halafu B mara 5, unakuja mikao ya kusimama, ya kukaa, unamalizia, kila mkao unashikilia pumzi 5, na katikati ya mikao ya kukaa unanyanyuka unarudi kupitia chaturanga, ile ya kushuka kama pushapu viwiko vikibana mbavu. Utaratibu wake wa asili ni siku 6 kwa wiki, Jumamosi wanapumzika, na siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo hawafanyi.

*Nguvu.* A ina chaturanga moja, B ina tatu, sasa piga hesabu: ukimaliza zile raundi 10 za mwanzo umeshashuka chaturanga mara 20 na mikao yenyewe bado hujaigusa. Baadaye inakuja navasana, ile ya kukaa kwa makalio mwili umetengeneza V, nayo inarudiwa mara 5, tumbo linawaka moto. Kifua, mabega, nyuma ya mikono na tumbo vinapata kazi ya kweli.

Ila chaturanga ina namna yake na hapa naomba tukae kidogo. Mtazame mtu anayeijua: akiwa kwenye planki (ule mkao wa juu wa pushapu, mikono imenyooka) anasogea mbele kidogo kwanza, ndo viwiko vinaanza kukunjika vikielekea nyuma vimebana mbavu, anashuka mpaka mabega yawe usawa wa viwiko na hapo anasimama, hapiti chini ya hapo, tumbo limekazwa kiasi kwamba ukimlaza fimbo mgongoni inakaa. Mtu ambaye nguvu bado, kiuno kinaanguka kwanza, mabega yanazama chini ya viwiko, viwiko vinatanuka nje, na uzito wote unaishia mbele ya bega badala ya kifuani. Huyu wa pili anatakiwa aweke magoti chini, na asione aibu, kwa sababu kushuka vizuri magoti yakiwa chini kunamjenga na ule mshuko mbovu unamla bega kila asubuhi.

*Moyo na pumzi.* Mwanzoni mapigo yanapanda vizuri na jasho linatoka, ukifika kwenye mikao ya kukaa yanatulia. Nzuri ila kukimbia haijafikia.

*Inaumiza wapi.* Bega kama nilivyosema, viungo vya mkono kwenye kiganja, na ile sehemu juu kabisa ya paja la nyuma linaposhikana na mfupa wa kukalia, kwa sababu mfululizo wa kwanza, yaani mpangilio huu wa kuanzia, una kuinama mbele kwingi mno. Ukisikia maumivu ya kuchoma pale chini ya kalio acha kulazimisha kugusa vidole, kunja magoti. Kurudia kitu kilekile siku 6 ndo nguvu ya Ashtanga na ndo hatari yake.

*Inataka nini.* Mkeka na asubuhi yako. Ukishakariri mpangilio huhitaji video wala kumlipa mtu kila mwezi, hii ni faida kubwa mno.

*Mazingira.* Darasa la mtindo wa Mysore kila mtu anaenda kwa mwendo wake na mwalimu anapita mmoja mmoja kurekebisha. Kwa kawaida linafunguliwa kwa mantra ya Kisanskrit, yaani maneno ya sala yanayoimbwa. Muulize mwalimu kabla, unaweza kukaa kimya au kuingia baada ya hapo, mwalimu mwelewa hana tatizo na hilo. Kuhusu kuguswa nisizunguke: baada ya Jois kufariki mwaka 2009 wanafunzi wake kadhaa wa kike walijitokeza hadharani kusema alikuwa anawagusa isivyofaa kwa kisingizio cha kurekebisha mikao, na mwaka 2019 mjukuu wake Sharath aliyerithi shule aliandika hadharani kuomba radhi. Kwa hiyo popote unapofanya, dada au kaka, una haki ya kusema sitaki kurekebishwa kwa mikono na yakaishia hapo.

*Inamfaa nani.* Mtu anayependa ratiba isiyobadilika, anayeamka mapema, mabega hayana historia ya kuumia, na hachoki kurudia.

Iyengar

Huyu mzee historia yake inanigusa. Alizaliwa 1918 wakati homa kubwa ya mafua inaua watu dunia nzima, utotoni akaugua malaria, taifodi na kifua kikuu, akakua mgonjwa mgonjwa, akapelekwa Mysore kwa Krishnamacharya aliyekuwa shemeji yake ili mwili upate angalau afya. Akaja kufundisha Pune miaka na miaka akafariki 2014 akiwa na miaka 95. Yaani mtindo huu umetengenezwa na mtu aliyeanza akiwa hana nguvu kabisa na ukiingia darasani unaliona hilo, kila kitu kina njia ya kukifanya hata kama mwili wako haujafika.

*Nguvu.* Inakuja kwa kushikilia. Mikao ni michache kwa darasa ila unakaa nayo, nusu dakika, dakika nzima, wakati mwingine zaidi. Chukua virabhadrasana ya pili, miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa liko juu ya kifundo, paja linatafuta kuwa usawa wa sakafu, mguu wa nyuma umenyooka na ukingo wa nje wa unyayo umeganda chini, mikono imenyooka pande mbili. Sekunde za kwanza utasema mbona rahisi. Ikifika nusu dakika paja linaanza kuchemka, mabega yanapanda masikioni yenyewe bila kukuuliza, goti linataka kuangukia ndani upande wa kidole gumba, na mwalimu wa Iyengar hapo ndo anakuja kukuambia shusha mabega, rudisha goti, kandamiza mguu wa nyuma. Umekaa palepale lakini karibu kila msuli kuanzia unyayo mpaka mabega uko kazini. Mapaja, makalio, misuli midogo ya kushikilia mgongo na vifundo vya miguu inapata mno.

Kikwazo chake ni kwamba nguvu ya kukaza bila kusogea inakua zaidi kwenye ile kona uliyoshikilia, sio kona zote. Ukishikilia goti likiwa nyuzi 90 tu, nguvu ya kuinuka kutoka chini kabisa inapata kidogo. Dawa yake ni kubadilisha urefu wa kushuka, au kuingia na kutoka kwenye mkao polepole mara kadhaa kabla ya kushikilia.

*Moyo na pumzi.* Hapa ndo dhaifu kuliko wenzake, utatetemeka lakini hutahema. Ongeza kutembea kwa kasi.

*Inaumiza wapi.* Kati ya hizi tatu ndo salama zaidi kwa sababu ya umakini wake, ila mikao ya kichwa chini ipo, na mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho aiache. Kingine usizuie pumzi unaposhikilia, watu wanabana pumzi bila kujijua na presha inapanda.

*Inataka nini.* Vifaa vingi: vitofali vya mbao au povu, mikanda, mablanketi, viti, na studio kubwa zina kamba ukutani. Nyumbani unabuni tu, kanga iliyokunjwa inakuwa mkanda, blanketi ni blanketi, kiti tumia cha mbao au chuma na ukiegemeze ukutani maana cha plastiki kinateleza. Kazi ipo kumpata mwalimu, mafunzo yao ni ya miaka kwa hiyo wenye cheti chake huku kwetu ni wachache.

*Mazingira.* Linaanza na dua ya Kisanskrit kwa Patanjali, mwenye hekima wa kale anayehesabiwa mwandishi wa mafundisho ya yoga, ushauri ni uleule wa kuuliza kabla. Mwalimu anaongea sana, hakuna muziki, wengine inawaboa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuumia, mwenye mgongo au magoti yenye kesi, na mtu anayependa kuelewa kwa nini anafanya kitu.

Power yoga

Miaka ya 1990 walimu wa Marekani kama Beryl Bender Birch na Bryan Kest walichukua kazi ya Ashtanga wakaacha ule mpangilio wa lazima, na Baron Baptiste naye akaja na mtindo wake wa humohumo. Sisi Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua, Africa Yoga Project iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na Paige Elenson inafundisha mtindo wa Baptiste, na imewafanya vijana wengi wa mitaa ya Nairobi kuwa walimu wanaoishi kwa kazi hiyo.

*Nguvu.* Utapata planki ndefu, pushapu, utkatasana (unakaa kama kwenye kiti ila kiti hakuna), kusimama mguu mmoja, tumbo kwa sana. Faida yake ni kwamba mwili unakutana na kona nyingi tofauti. Ila hapa inategemea mwalimu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu leo mlifanya mabega kesho mapaja keshokutwa kitu kingine kabisa, na misuli inahitaji kazi ileile iongezeke kidogo kidogo ndo ikue. Unaweza kumaliza miezi unatoka jasho tu na pushapu bado ni zilezile nne. Ukichagua power chagua vitu vitatu vya kupima, mfano planki unashikilia sekunde ngapi, chaturanga safi ngapi, utkatasana pumzi ngapi, uandike kwenye simu kila wiki mbili.

*Moyo na pumzi.* Hapa inawapita wenzake, unahema kweli. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na juu yake mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na darasa la power lililokaa vizuri linakusogeza kwenye yote mawili kwa mpigo.

*Inaumiza wapi.* Kasi inaficha udhaifu, unapita kwenye chaturanga haraka huoni kama kiuno kimeanguka. Baadhi ya studio zinapasha moto chumba, kwa joto la Dar au Mombasa sioni haja. Mjamzito akae mbali na vyumba vya moto, na mtu yeyote akisikia kizunguzungu akae chini, anywe maji, asimsikilize mwalimu anayesema vumilia.

*Inataka nini.* Mkeka usioteleza, hilo usibanie hela kwa sababu jasho ni jingi. Video za bure zimejaa YouTube, japo video haikuoni ukikosea.

*Mazingira.* Muziki, lugha ya kawaida, mara nyingi hakuna mantra, kwa hiyo mwenye wasiwasi wa imani anapumua hapa kirahisi.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye afya, mtu wa ratiba iliyovurugika, anayeboreka haraka, anayetaka pumzi na jasho pamoja na misuli.

Kitu zote tatu hazina

Hili ndo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Yoga inasukuma sakafu sana na haivuti karibu chochote. Kifua na mabega ya mbele yanapata kazi kila siku, ila misuli mipana ya mgongo na ile ya mbele ya mkono inakaa bila kazi, ukitoa zile kamba za ukutani za Iyengar. Na paja la nyuma linavutwa na kunyooshwa kuliko linavyobebeshwa mzigo. Ukiendelea hivyo miaka, mabega yanaelekea mbele na viwiko vinaanza kulalamika.

Suluhisho halihitaji jimu. Ukipata bomba imara au tawi, ning'inia, anza kwa kushikilia tu kisha ujivute. Kama hamna, chukua dumu la maji, la lita 20 likijaa ni kilo 20 hivyo anza na nusu yake, inama kutoka kwenye nyonga mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu kuelekea kiunoni mara 8 mpaka 12 kila mkono. Dumu hilohilo lishike kwa mikono miwili, inama na kuinuka kwa nyonga, paja la nyuma limepata chake. Mara 2 kwa wiki inatosha kuanzia, na ikizoeleka ongeza maji.

Chakula nacho, maana watu wanafanya yoga wakashinda na chai na chapati. Anayejenga misuli analenga kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mtu wa kilo 60 ni kama gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake hayakufikishi, changanya na maharage, dagaa, maziwa, karanga. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza.

Sasa wewe uko wapi

Hujawahi kufanya mazoezi kabisa au una zaidi ya miaka 50: anza na Iyengar au mwalimu yeyote anayekuruhusu kutumia kiti na ukuta, ukishaweza kushikilia planki nusu dakika bila kiuno kuanguka ndo ufikirie kuhamia kwingine.

Una saa moja kila asubuhi na hela ya mwalimu ya mwezi mmoja au miwili tu: Ashtanga, jifunze mpangilio kwa mwalimu kisha endelea mwenyewe nyumbani. Siku 6 sio lazima, 3 au 4 zinakujenga na bega linapumzika.

Unakaa ofisini au kwenye gari kutwa, shingo na kiuno vinauma: Iyengar siku 2, kuvuta dumu siku 2, na kutembea.

Unataka kupungua mwili na kupata stamina na misuli kwa pamoja: power mara 3 kwa wiki ukiwa na ile rekodi kwenye simu.

Unacheza mpira au unakimbia: miguu tayari ina kazi, chukua power au Ashtanga fupi kwa ajili ya tumbo na mabega, na usijinyooshe kwa nguvu muda mfupi kabla ya mechi, fanya baada.

Unataka mwili mkubwa, kifua kimejaa na mikono minene: hapo vyuma vitakufikisha haraka kwa sababu uzito unaongezwa kilo kwa kilo, yoga iweke siku moja au mbili kwa ajili ya mabega na nyonga.

Imani inakukwaza: tafuta power, au mwambie mwalimu wa mtindo wowote kwamba unataka mazoezi tu bila mantra. Akikataa nenda kwa mwingine.

Una presha, kisukari, ujauzito au umejifungua karibuni: daktari au mkunga kwanza, kisha mwambie mwalimu kabla darasa halijaanza, sio katikati. Anza na mikao ya kusimama karibu na ukuta, kichwa kisiwe chini ya moyo kwa muda mrefu, na kipimo cha haraka ni kwamba kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza.